Wachache Ndio Mizani

Sarafu ikiwa hewani haina upande. Katika muda ule mfupi baina ya kidole gumba na sakafu huzunguka na nyuso zake zote mbili, na hakuna mwenye elimu wala mwenye mamlaka awezaye kuiamuru ianguke apendavyo. Ikishatua, huwa imetamka neno moja tu, kichwa au upande wa pili, na neno hilo halidokezi chochote kuhusu litakalofuata. Mtu akiitazama mara moja huona ukaidi mtupu. Akiitazama mara mia huanza kuona tabia, na akiitazama mara elfu kumi huona kitu kinachofanana na sheria, ingawa sarafu yenyewe haikuwahi kuahidi kutii sheria yoyote. Wahenga waliposema haba na haba hujaza kibaba walikuwa wakiusia subira na akiba, lakini ndani ya wosia huo mna fumbo ambalo hesabu ilichukua muda mrefu kulifumbua: punje zinazokijaza kibaba hazina umbo la kibaba, kila moja huingia kwa njia yake na kulala kwa ubavu wake, na bado kibaba kikijaa huwa na kimo kinachoweza kupimwa, kuuzwa na kuaminiwa. Swali linalostahili kutafakariwa ni hili: punje ngapi, na za namna gani, zinatosha ili ukaidi wa kila moja usahaulike na umbo la zote liaminike?

Katika takwimu swali hilo lina vazi lake rasmi. Kila jambo lenye majibu mawili, mgonjwa au mzima, ndiyo au hapana, mbegu iliyoota au iliyokataa kuota, linaweza kuhesabiwa kama sarafu, mradi masharti manne yatimie: idadi ya majaribio ijulikane mapema, kila jaribio liwe na majibu mawili pekee, uwezekano wa jibu linalohesabiwa usibadilike kutoka jaribio moja hadi jingine, na jibu la jaribio moja lisiathiri la jingine. Masharti hayo yakitimia, idadi ya ndiyo hufuata kile kinachoitwa mtawanyo wa binomia, yaani orodha ya matokeo yote yawezekanayo pamoja na uwezekano wa kila mojawapo. Na idadi hiyo ikigawanywa kwa idadi ya majaribio hupatikana uwiano wa sampuli, ile asilimia ambayo magazeti huichapa kila matokeo ya uchunguzi wa maoni au wa afya yanapotangazwa. Mtawanyo wa binomia husema kweli, lakini ni mzito kubeba, kwa kuwa hupanda na kushuka kwa ngazi, ngazi moja kwa kila idadi, na kuzijumlisha ngazi elfu moja kwa mkono ni kazi ya kuchosha. Pembeni yake upo mtawanyo wa kawaida, ule wenye umbo la kengele, laini, unaolingana kushoto na kulia, na unaoelezwa kikamilifu na namba mbili tu: wastani, ambao ni mahali pa kilele, na mkengeuko sanifu, ambao ni kipimo cha jinsi matokeo yanavyotapakaa kuuzunguka wastani huo. Kukadiria ni kuuweka kando ule wa ngazi na kuutumia huu laini kwa niaba yake. Uwakilishi wowote una mipaka, na mwakilishi huyu naye hana budi kuulizwa ni lini anaruhusiwa kusema.

Jacob Bernoulli, mwanahisabati wa mji wa Basel nchini Uswisi, aliligusa swali hili kabla kengele haijajulikana. Kitabu chake, Ars Conjectandi, kilichapishwa mwaka 1713, miaka minane baada ya kifo chake, na ndani yake alithibitisha kwamba kadiri majaribio yanavyoongezeka ndivyo inavyozidi kuwa yakini kwamba uwiano wa sampuli hautakuwa mbali na uwiano wa kweli. Hakuishia kwenye uthibitisho. Alitaka pia kujua majaribio mangapi yanatosha. Alichukua mfano wa vitu vya aina mbili vilivyochanganywa kwa uwiano wa tatu kwa mbili, akauliza ni mara ngapi inabidi kuchota ili pawe na nafasi zaidi ya elfu moja dhidi ya moja kwamba uwiano utakaoonekana hautapotoka kwa zaidi ya sehemu moja ya hamsini, na hesabu yake ikamjibu: mara 25,550. Jibu lilikuwa salama, lakini lilikuwa na tahadhari iliyopita kiasi, kwa maana Bernoulli alijua kwamba matokeo yatakusanyika bila kujua yatakusanyika kwa umbo gani. Mtu anayelitumia umbo la kengele leo kwa swali lilelile hupata kwamba majaribio yapatayo 6,500 yanatosha. Sarafu hazikubadilika katikati ya majibu hayo mawili, wala uhakika uliotakiwa haukupunguzwa. Kilichoongezeka ni ujuzi wa namna bahati inavyojitandaza, na ujuzi huo peke yake ukaokoa robo tatu ya kazi. Kujua umbo la usichokijua ni nusu ya elimu.

Aliyeliona umbo hilo kwanza alikuwa mkimbizi. Abraham de Moivre alizaliwa Ufaransa mwaka 1667 katika familia ya Kiprotestanti, na baada ya Mfalme Louis wa 14 kuwafutia Waprotestanti haki ya kuabudu mwaka 1685 alihamia London, ambako aliishi kwa kufundisha hesabu watoto wa matajiri na kuwajibu wacheza kamari waliotaka kujua nafasi zao. Tarehe 12 Novemba 1733 aliwapa rafiki zake chapisho fupi la Kilatini, ambalo baadaye alilitia kwa Kiingereza katika toleo la 1738 la kitabu chake The Doctrine of Chances, na humo alionyesha jinsi ngazi nyingi za binomia zinavyoweza kubadilishwa kwa mstari mmoja uliopinda. Mfano wake ulikuwa wa majaribio 3,600 yenye nafasi sawa. Nusu ya kipeuo cha pili cha namba hiyo ni 30, na uwezekano kwamba idadi ya ndiyo itaangukia kati ya 1,770 na 1,830 aliukadiria kuwa 0.682688, ile asilimia 68 ambayo wanafunzi wa takwimu wa leo huikariri bila kujua kwamba ilitoka mikononi mwa mwalimu wa kulipwa kwa kipindi. Katika kanuni hiyo, kwa msaada wa mwanahisabati James Stirling, ilijitokeza namba ya duara, ileile inayounganisha kipenyo na mzingo, kana kwamba mviringo wa sarafu ulikuwa umejificha ndani ya hesabu ya kuanguka kwake. Na palijitokeza sharti gumu ambalo halijamsamehe mtafiti yeyote tangu siku hiyo: mtapakao hukua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya majaribio, si kwa idadi yenyewe, kwa hiyo anayetaka kosa la uwiano lipungue kwa nusu hana budi kuongeza kazi mara nne. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na huku chini hakuna njia ya mkato.

Karne mbili baadaye ushahidi wa kanuni hiyo ulitolewa na mfungwa. John Kerrich, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand nchini Afrika Kusini, alikuwa Denmark wakati majeshi ya Ujerumani yalipoivamia nchi hiyo Aprili 1940, akazuiliwa kambini kwa muda uliobaki wa vita, na katika siku zile ndefu zisizo na kazi alirusha sarafu mara 10,000 na kuandika kila tokeo. Matokeo yake, aliyoyachapisha mwaka 1946, yanastahili kusomwa polepole. Katika mara 10 za mwanzo vichwa vilikuwa 4. Katika mara 100 vilikuwa 44. Katika mara 1,000 vilikuwa 502. Na katika mara zote 10,000 vilikuwa 5,067. Uwiano ulisogea kutoka asilimia 40 hadi 44, kisha 50.2, kisha 50.67, ukiwa karibu na nusu kuliko ulivyoanza. Lakini pengo lenyewe, yaani tofauti kati ya vichwa vilivyotokea na nusu ya majaribio, halikuelekea kutoweka: lilikuwa 1, likawa 6, likawa 2, na mwishoni likawa 67. Wengi hudhani kwamba bahati hulipa madeni yake, kwamba baada ya mfululizo wa vichwa upande wa pili huwa na zamu. Daftari la Kerrich linakanusha. Sarafu haina kumbukumbu ya kulipia kitu. Deni la zamani hubaki pale lilipo, ila wingi wa majaribio mapya hulizamisha hadi likose uzito, na hapo ndipo kengele inapopata umbo lake. Katika majaribio 10,000 kosa sanifu, yaani upotokaji unaotarajiwa wa uwiano wa sampuli, ni nusu ya asilimia moja. Kerrich alipotoka kwa asilimia 0.67, jambo ambalo kengele hulitazama bila kushangaa.

Kama hivyo ndivyo, mtu angeweza kuuliza kwa nini kengele isipigwe kila mahali. Jibu liko kwenye mipaka. Kengele ya hesabu haina mwisho. Mikia yake hutambaa kushoto na kulia bila kukoma, ingawa hupungua haraka sana. Uwiano, kwa upande wake, una kuta mbili: hauwezi kushuka chini ya sifuri wala kupita moja. Punje zilezile za kibaba zikimiminwa katikati ya mkeka hufanya kichuguu kinacholingana pande zote, na macho huridhika. Zikimiminwa karibu na ukuta, upande mmoja hubanwa na upande wa pili hutiririka mbali, na kichuguu huegemea. Ndivyo ilivyo kwa uwiano wa kweli ulio karibu na sifuri au karibu na moja. Kila sampuli huwa na nafasi kubwa ya kupotoka kuelekea uwazi na nafasi ndogo ya kupotoka kuelekea ukutani, na mtawanyo wake hupata mkia mrefu wa upande mmoja ambao kengele, kwa ulinganifu wake, haina mahali pa kuuweka. Kuongeza ukubwa wa sampuli ni kupunguza upana wa kichuguu hadi kisiuguse ukuta tena. Kwa hiyo suala haliwezi kuwa ukubwa wa sampuli peke yake wala umbali wa ukuta peke yake. Ni mapatano ya vyote viwili, na mapatano hayo yana kipimo chepesi. Jambo linalohesabiwa likiwa adimu, kiasi cha kuegemea kwa mtawanyo hukaribia moja iliyogawanywa kwa kipeuo cha pili cha idadi inayotarajiwa ya wachache. Wachache wakitarajiwa kuwa 4, kuegemea ni nusu nzima. Wakiwa 25, ni moja ya tano. Wakiwa 100, ni moja ya kumi. Walio wengi, hata wakiwa milioni, hawatajwi kabisa katika kipimo hicho.

Hapo ndipo zilipozaliwa kanuni za darasani. Mwanafunzi huambiwa azidishe ukubwa wa sampuli kwa uwezekano wa ndiyo, kisha auzidishe tena kwa uwezekano wa hapana, na majibu yote mawili yakifika 5, au kwa walimu waangalifu zaidi 10, aruhusiwe kuitumia kengele. Kilichofichwa ndani ya mazao hayo mawili ni idadi inayotarajiwa ya kila upande, kwa hiyo kanuni inachosema ni kwamba kila upande uwe na wasemaji wa kutosha. Ipo pia kanuni nyingine inayosambaa kwa urahisi zaidi, kwamba sampuli ya 30 inatosha kwa kila jambo, nayo imeota mizizi kwa sababu kawaida ni kama sheria. Jambo lenye uwezekano wa asilimia 2 likichunguzwa kwa sampuli ya 30, zaidi ya nusu ya sampuli zote hazitalikuta hata mara moja, na hakuna kengele inayoweza kuchorwa juu ya mtawanyo ambao kilele chake kimeegama kwenye sifuri. Hata kanuni ya 5 ina udhaifu wake. Sarafu ya haki ikirushwa mara 10 tu, ndiyo zinazotarajiwa ni 5, na uwezekano wa kupata vichwa 5 kamili ni asilimia 24.6, ilhali kengele, ikipewa nusu hatua kila upande wa ngazi ili laini ilingane na ngazi, hukadiria asilimia 24.8; tofauti haionekani. Lakini jambo la asilimia 5 likichunguzwa mara 100, ndiyo zinazotarajiwa ni 5 zilezile, uwezekano wa kutolikuta kabisa ni asilimia 0.6, na kengele hukadiria karibu asilimia 1.9, yaani mara tatu ya ukweli. Tano za kwanza zilikuwa katikati ya mkeka. Tano za pili zilikuwa ukutani.

Yapo matukio ya kihistoria yanayoonyesha jinsi uzito wa ushahidi unavyobebwa na wachache. Mwaka 1954 chanjo ya polio iliyotengenezwa na Jonas Salk ilijaribiwa nchini Marekani kwa watoto wengi kuliko jaribio lolote la tiba lililotangulia. Katika sehemu ya jaribio iliyogawanya watoto kwa bahati nasibu, watoto 200,745 walichomwa chanjo na 201,229 walichomwa maji yasiyo na dawa. Waliothibitika kupata polio walikuwa 57 katika kundi la kwanza na 142 katika la pili. Msomaji wa haraka huvutwa na zile laki nne na kusema kwamba kwa idadi kama hiyo hakuna shaka inayoweza kubaki. Lakini shaka haikuondolewa na watoto laki nne waliobaki wazima, maana uzima wao ulitarajiwa kwa vyovyote vile. Iliondolewa na wale 57 na 142, walio wengi vya kutosha kwa umbo la kengele kusimama na tofauti yao ya 85 kuonekana kuwa takriban mara sita ya kosa lake sanifu. Iwapo jaribio lilelile lingefanywa kwa watoto 2,000 tu kila upande, wagonjwa waliotarajiwa wasingefika wawili katika kundi lolote, na hakuna ustadi wa hesabu ambao ungeweza kuitambua chanjo iliyofaa na ile isiyofaa. Laki nne zilihitajika ili wapatikane wachache wa kuhesabika. Huu ni ukweli wenye huzuni ndani yake, kwa sababu kila mmoja wa wachache hao alikuwa mtoto mgonjwa.

Afrika Mashariki swali hili limekaribia zaidi kadiri tiba inavyofanikiwa. Visiwani Zanzibar, tangu mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, kiwango cha watu wanaokutwa na vimelea vya malaria katika uchunguzi kimekuwa chini ya asilimia moja, ilhali yapo maeneo ya bara ambako kiwango hicho ni cha juu mara nyingi zaidi. Ichukuliwe kwamba watoto 300 wamepimwa mahali ambapo asilimia 30 wana vimelea: wagonjwa wanaotarajiwa ni 90, wazima ni 210, kosa sanifu ni karibu asilimia 2.6, na wigo wa uhakika, yaani eneo ambalo mtafiti analiamini kwa asilimia 95 kuwa limeubeba uwiano wa kweli, huenda kutoka takriban 25 hadi 35. Kengele husema vizuri hapo. Ichukuliwe sasa kwamba watoto 300 wengine wamepimwa mahali ambapo kiwango cha kweli ni nusu ya asilimia moja. Wanaotarajiwa ni mmoja na nusu. Akipatikana mmoja, kanuni ileile ya kengele hutoa wigo unaoanzia hasi 0.3 na kuishia asilimia 1.0, kana kwamba kuna kijiji chenye wagonjwa pungufu ya hakuna. Asipopatikana hata mmoja, jambo ambalo hutokea katika sampuli zaidi ya moja kati ya kila tano za namna hiyo, upana wa wigo huwa sifuri kamili, na kanuni hutangaza kwa uhakika wote kwamba malaria imekwisha. Yaani kengele hujiamini kuliko wakati wowote pale inapojua kidogo kuliko wakati wowote. Mtu mwenye tabia hiyo barazani angeepukwa. Kanuni yenye tabia hiyo huandikwa katika ripoti.

Wanatakwimu hawakukaa kimya mbele ya aibu hiyo. Siméon Denis Poisson, Mfaransa, alikuwa ameonyesha mwaka 1837 kwamba majaribio yakiwa mengi na uwezekano ukiwa mdogo, binomia hukaribia umbo jingine, lenye kuegemea, ambalo leo lina jina lake. Kengele si mrithi pekee wa sarafu. Mwaka 1927 Edwin Wilson wa Marekani alipendekeza wigo unaojengwa kwa kuuliza ni viwango gani vya kweli vingeweza kuyazaa matokeo yaliyoonekana, badala ya kuyachukulia matokeo hayo kana kwamba ndiyo ukweli wenyewe, na wigo wake hauvuki ukuta. Mwaka 1934 Clopper na Pearson waliiacha kengele kabisa na kujenga wigo kutokana na binomia yenyewe. Mwaka 2001 Brown, Cai na DasGupta walionyesha kwamba kanuni ya darasani ya kujenga wigo kwa kengele hupwaya hata katika sampuli ambazo vitabu viliziona kuwa salama, kwa kuwa uhakika wake wa asilimia 95 hupanda na kushuka bila utaratibu. Na kwa aliyepata sifuri kuna kanuni nyepesi ya tatu: asiyeona tukio hata moja katika majaribio kadhaa aigawanye 3 kwa idadi ya majaribio hayo, na jibu ndilo kiwango cha juu ambacho bado kinawezekana kwa uhakika wa asilimia 95. Kwa watoto 300 jibu ni asilimia moja. Kwa 1,000 ni asilimia 0.3. Kutoona si kutokuwapo, na kanuni hiyo humpa mtafiti namna ya kulikiri hilo kwa namba.

Hata hivyo, wachache wakiwa wa kutosha bado kuna sharti ambalo hesabu haiwezi kulikagua kwa kuangalia jumla peke yake, nalo ni uhuru wa kila jaribio. Samaki mmoja akioza, huoza wote. Methali hii husomwa kama onyo la kimaadili, lakini ni pia kanuni kamili ya takwimu, kwa maana ikiwa samaki wa tenga moja huoza pamoja, aliyehesabu mia moja ndani ya tenga hilo amehesabu mmoja. Mbu anayezaliwa katika dimbwi moja huuma nyumba zinazolizunguka dimbwi hilo, kwa hiyo wagonjwa ishirini wa mtaa mmoja si mashahidi ishirini. Ipo pia tahadhari ya upande wa pili, kwamba sampuli ikizidi sehemu moja ya kumi ya watu wote wanaochunguzwa, kila anayechaguliwa hubadilisha waliobaki, na mtapakao wa kweli huwa mdogo kuliko kanuni inavyosema. Na juu ya yote kuna namna ya kuchagua. Mwaka 1936 jarida la Marekani lililoitwa The Literary Digest lilikusanya majibu ya watu zaidi ya milioni mbili na kutabiri kwamba Alfred Landon angeshinda urais. Aliyeshinda, tena kwa kishindo, alikuwa Franklin Roosevelt. Kengele ya watu milioni mbili ilikuwa nyembamba kama sindano, na ilichomekwa mahali pasipo pake, kwa sababu waliojibu hawakufanana na waliopiga kura. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na wingi wa wavutaji haunyooshi ngozi iliyokwisha kuvutwa upande mmoja.

Kutokana na hayo yote kunazuka swali linalovuka hesabu. Jamii nyingi zimezoea kuamini kwamba wingi ndio ushahidi, kwamba wengi wape kwa kuwa usipowapa watachukua wenyewe, na katika kura au barazani methali hiyo ina hekima yake. Katika kupima ukweli mambo yamegeuka. Wale wengi wanaofanana wakishafika kiasi fulani huongeza maarifa kidogo kidogo tu. Kila mmoja wao hurudia alilosema mwenzake, na mtafiti hujifunza zaidi kutoka kwa wale ambao jibu lao ni tofauti. Kijiji chenye wazima elfu moja na mgonjwa mmoja huonyesha kiwango cha chini kuliko kijiji chenye wazima mia moja na mgonjwa mmoja, lakini hakiifanyi kengele iaminike zaidi. Vyote viwili vina shahidi mmoja. Kuwapuuza wachache kwa sababu asilimia yao ni ndogo ni kuitupa sehemu ya sampuli iliyobeba habari. Mtu anayeandika kwamba tiba ni salama kwa sababu madhara hayakuonekana kwa wagonjwa hamsini hajasema uongo, lakini amesema jambo ambalo kanuni ya tatu hulitafsiri kuwa madhara yanaweza kumfika hata mmoja kati ya kila kumi na saba, na mgonjwa wa kumi na saba ana haki ya kulijua hilo kabla ya kumeza kidonge.

Hukumu, basi, ni fupi. Kengele ni mwakilishi mwaminifu wa uwiano pale ambapo pande zote mbili za swali zimepewa nafasi ya kutosha kusema, na si mwakilishi wa mtu yeyote pale ambapo upande mmoja umebaki na sauti mbili au tatu, hata kama upande wa pili una laki nzima. Asilimia iliyochapishwa bila idadi ya wachache walioizaa ni habari nusu. Msomaji anayekutana nayo katika gazeti, katika ripoti ya afya au katika tangazo la uchaguzi na aulize waliojibu ndiyo walikuwa wangapi, waliojibu hapana walikuwa wangapi, walichaguliwaje na kama walijibu kila mmoja kwa nafsi yake. Namba zote mbili zikipita kumi na majibu mengine yakiridhisha, kengele na itumike. Zisipofika, ipo njia ya Wilson na ipo hesabu kamili ya binomia, ambayo de Moivre aliikwepa kwa sababu mkono wa binadamu ulikuwa mzito, na ambayo kompyuta ya leo huimaliza kwa muda usiofika sekunde moja.